Kwa wadogo zangu mnaoandika Awamu ya Kwanza: fungueni makabati yenu kwanza

Wiki iliyopita nimesoma maandiko matatu ya kuomba fedha za Awamu ya Kwanza, ile ya kujaribu kama wazo linawezekana, ya SBIR, mpango wa serikali kuu ya Marekani unaozipa kampuni ndogo fedha za utafiti, yote yakienda Wizara ya Kilimo ya Marekani, yote ya vijana walioingia kwenye kampuni ndogo za chakula mwaka huu. Kila moja lina wazo zuri, na kila moja lina kosa nililolifanya mimi kwa mikono hii. Nikafunga kompyuta, nikachemsha chai, nikarudi kuandika haya. Mkiona nimepandisha sauti, jueni ni kwa sababu nawataka mfike.

1. Usajili uanze leo. UEI (namba ya utambulisho wa kampuni), SAM (sajili ya wanaopokea fedha za serikali kuu), Grants.gov (tovuti ya kupelekea maombi), sajili ya kampuni kule SBA (idara ya biashara ndogo): vyote. Mmoja wenu aliniuliza siku tisa kabla ya mwisho, "Dada, hii SAM inachukua dakika ngapi?" Mdogo wangu, inaweza kuchukua wiki kadhaa! Jina la kampuni likitofautiana kidogo tu na lile lililo kwenye hati za jimbo, unarudishwa mwanzo. Na namba ya DUNS, iliyoitangulia UEI, haitumiki tangu Aprili 2022, lakini bado naikuta kwenye vielelezo mnavyorithishana. Vitupeni.

2. Jueni kazi ni ya nani. Awamu ya Kwanza, angalau theluthi mbili ya utafiti ifanywe na kampuni yenyewe. Awamu ya Pili, ile ya kuliendeleza wazo lililofaulu, angalau nusu. Ajira kuu ya mchunguzi mkuu, yaani anayeongoza utafiti, iwe kwenye kampuni. Yule profesa mnayempenda, anayetaka kubaki chuoni muda wote, mwekeni awe mshauri. Na hii ni fedha ya utafiti. Sheria ya 1982 iliuanzisha mpango huu ili kampuni ndogo, zenye watu wasiozidi 500, zipate sehemu ya fedha za utafiti ambazo serikali kuu tayari inazitoa nje. Lakini nikisoma bajeti zenu naona mkopo wa kununua mashine ya kukaushia, umevalishwa koti la maabara. Msomaji wa andiko analivua koti hilo kwenye ukurasa wa pili.

3. Swali liwe moja, na liwe na namba. "Kuongeza ubora wa bidhaa" si swali. Halafu, tafadhali, acheni kuchanganya asilimia ya unyevu na kiwango cha maji huru, yaani kipimo cha 0 hadi 1 cha maji ambayo vijidudu vinaweza kuyatumia. Asali ina maji karibu asilimia 17 au 18 na haioti ukungu, kwa sababu maji yake yameshikwa na sukari. Vijidudu havina cha kunywa. Maji huru yakishuka chini ya 0.60 hakuna kijidudu kinachozaliana. Maji huru ya 0.85 na pH (kipimo cha uchachu) ya 4.6 ndizo namba ambazo FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, itawaulizia bidhaa ya kopo au ya chupa, kwa sababu ya bakteria wa botulini, wanaotengeneza sumu. Ukiandika "bidhaa yetu ni kavu" ukaishia hapo, mtu anayesoma maandiko 20 kwa juma anakuweka pembeni, na ana haki.

4. Hapa nitakaa kidogo, maana jambo hili bado linaniuma.

Mradi wangu wa kwanza kama mchunguzi mkuu ulikuwa wa viazi vitamu vyenye nyama ya rangi ya chungwa, huku North Carolina, jimbo linaloongoza Marekani kwa zao hilo. Viazi vilivyopinda au kupasuka havipati soko la kuuzwa vibichi, na tulitaka kuvigeuza unga bila kupoteza betakarotini, ile rangi ya chungwa ambayo mwili huigeuza vitamini A. Mnajua adui zake: hewa, mwanga na joto. Wazo letu lilikuwa kuvichovya vipande kwenye maji yenye asidi kidogo kabla ya kuvikausha. Tulikuwa na miezi minane.

Tukakausha, tukasaga, tukafunga kwenye mifuko ileile ya plastiki angavu, nusu vilivyochovywa, nusu visivyochovywa. Kila baada ya wiki mbili nikapeleka sampuli kupimwa. Kufikia mwezi wa nne tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba nilimpigia simu mwenye kampuni usiku. Unga uliochovywa umebaki na rangi ya machweo. Ule mwingine umepauka. Nikachora mchoro. Nikaanza rasimu ya Awamu ya Pili. Mkulima aliyekuwa akitupa viazi vyake vya daraja la chini akatuandikia barua ya kutuunga mkono, akasema yuko tayari kununua kikaushio chake mwenyewe.

Tulikuwa na binti wa mafunzo, mwanafunzi wa mwaka wa pili. Siku moja anafuta vumbi, akauliza, wala hakuwa na nia ya kukosoa: "Kwa nini hizi zinakaa kabatini na hizi zinakaa hapa juu?"

Nilisimama pale na kalamu mkononi. Mifuko iliyochovywa ilikuwa ndani ya kabati lenye mlango. Ile ya kulinganishia ilikuwa kwenye rafu ya wazi, chini ya taa iliyowaka mchana na usiku, karibu na bomba la joto la kikaushio. Hakuna aliyepanga hivyo. Siku ya kwanza nilikuwa nimeiweka ile "yetu" mahali salama, kama mtu anavyokiweka kitu anachokipenda, na ile nyingine nikaiweka palipokuwa na nafasi. Kwa miezi minne nilipita mbele ya rafu ile kila asubuhi. Nilikuwa nimepima taa na joto, na dawa yangu nilikuwa bado sijaipima.

Sasa sikilizeni sehemu ninayoionea haya kuliko kabati. Nilinyamaza siku tisa. Nilijiambia labda taa ile si kali. Labda nikihamisha mifuko sasa, mstari wa mchoro utajinyoosha wenyewe. Nililala na mawazo hayo siku tisa, kisha nikamwambia mwenye kampuni. Hakupaza sauti. Aliuliza tu, "Tuna muda gani?" Tulianza upya: mifuko yote kwenye sanduku moja la joto, gizani, namba za siri juu yake ili mpimaji asijue ipi ni ipi, na nafasi zake zikipigiwa kura kila wiki. Tofauti ilibaki, lakini ndogo, isiyoweza kulipia gharama ya asidi na maji.

Nilimfuata mkulima shambani kwake. Nilimweleza yote, pamoja na zile siku tisa. Akaangalia mikono yake muda mrefu, akasema, "Afadhali umekuja kabla sijakopa." Mwaka ule hatukuomba Awamu ya Pili.

Ripoti ya mwisho niliiandika kama ilivyotokea, na hakuna aliyetudai fedha. Awamu ya Kwanza ipo ili ijulikane kama jambo linawezekana, na "haliwezekani kwa njia hii" ni jibu halali. Kuwaandikia serikali kuu uongo ndilo jambo linalopeleka watu mahakamani. Ningalijua hilo vizuri, zile siku tisa zingekuwa moja.

5. Barua za kuunga mkono ziseme mtu atafanya nini, kiasi gani, lini. "Tunavutiwa na wazo hili" haisaidii.

6. Wekeni fedha za kupima sampuli mara mbili. Mtazihitaji.

7. Awamu ya Tatu, ile ya kuingiza bidhaa sokoni, haina fedha za SBIR. Mnunuzi atafutwe tangu Awamu ya Kwanza, na aliyezoea kununua unga kwa tani hatahamia kwenu kwa sababu ya rangi nzuri.

Yule binti wa mafunzo sasa ni mchunguzi mkuu kwenye kampuni nyingine, na namtumia maandiko yangu ayasome kabla sijayapeleka popote. Nyie watatu nimeshawarudishia yenu kwa barua pepe, pembeni nimeandika kwa rangi nyekundu. Kabla hamjanijibu kuhusu bajeti, nitumieni picha ya mahali sampuli zenu zilipo sasa hivi, taa ikiwa imewashwa.