"You are going where?" inakosea wapi?

Hapo umepanga Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza. Sisi "wapi" tunaiacha mwishoni; wao "where" huanza, kisha kitenzi kisaidizi (hapa "are") kinaruka mbele ya kiima ("you"): "Where are you going?" Kisaidizi kisipokuwepo, leta do, does au did, na kitenzi kikuu kibaki kitupu: "Where did she go?", si "did she went", maana did imeshabeba wakati uliopita. Wengi hunaswa hapo.

Zoezi: andika maswali matano, kata neno mojamoja, changanya, panga upya huku ukisoma kwa sauti. Ukishazoea, geukia linalowaponza hata wazoefu: swali likiingia ndani ya sentensi, kiima hurudi mbele. "I don't know where she is", siyo "where is she".