Kwa nini seli ivunje protini kisha iijenge upya?

Mdogo wangu, umeuliza kwa nini mwili uhangaike kuvunja protini ya chakula halafu ujenge nyingine, badala ya kuitumia ilivyo. Ni swali zuri sana. Protini ya mmea ilipangwa kwa kazi za mmea. Wewe unahitaji himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Basi mmeng'enyo huitenganisha ile ya mmea hadi asidi amino, yaani vipande vidogo vinavyounda protini, na seli huzipanga upya kwa maagizo ya DNA, yanayonakiliwa kwenye RNA na kusomwa na ribosomu, mashine ndogo za seli zinazounganisha protini.

Hapa tulia kidogo, maana wengi hupapita. Kuunganisha kunagharimu. Kila asidi amino inayoongezwa hutumia nishati inayolingana na ATP 4 hivi (ATP ni molekuli inayobeba nishati ndani ya seli): 2 za kuiandaa na kuifunga kwenye RNA inayoibeba, na 2, kwa umbo la GTP, molekuli ndugu ya ATP, ndani ya ribosomu. Mnyororo mmoja wa beta, aina mojawapo ya minyororo inayounda himoglobini, una asidi amino 146. Piga hesabu mwenyewe!

Ushauri wangu: usianze kwa kukariri majina ya vimeng'enya. Kwa kila njia ya ujenzi jiulize malighafi ni nini, nishati inatoka wapi, na elektroni zinatoka wapi. Katika usanisinuru, kwa mfano, kabonidayoksaidi 3 zikitumia ATP 9 na NADPH 6 (molekuli inayoleta elektroni) hutoa sukari moja ndogo ya kaboni 3. Mafuta nayo hujengwa kwa ATP na NADPH, ila malighafi ni asetili-CoA, molekuli inayobeba kipande cha kaboni 2. Jaribu kwanza kuyajibu maswali hayo matatu kwa njia hiyo ya mafuta.