Shahada ya sheria: uanze nayo moja kwa moja, au uijie baada ya shahada nyingine?

Ndugu, umeeleza kwamba umepata nafasi mbili, moja ya LLB, yaani shahada ya kwanza ya sheria, na nyingine ya shahada ya uchumi, na unauliza kama ni busara kusoma uchumi kwanza kisha sheria iwe shahada ya pili. Mimi nilisoma uhasibu, nikafanya kazi, ndipo nikaingia darasa la sheria la wahitimu wa fani nyingine, ingawa njia hiyo siyo nitakayokushauri wewe.

Kwanza amua utafanyia kazi nchi gani, kwa maana kuna nchi ambazo swali lako halina nafasi ya kuulizwa. Marekani, kwa kawaida, huingii kwenye JD, shahada ya sheria ya miaka 3 inayosomwa baada ya shahada nyingine, pasipo shahada ya kwanza, iwe ya fani yoyote. Uingereza (England na Wales) LLB yenyewe ni shahada ya kwanza, na aliyesoma fani nyingine anaweza kuwa solisita, yaani wakili anayewashauri wateja na kuandaa mashauri yao, kwa mtihani wa SQE wa kufuzu usolisita, ulioanza mwaka 2021, na miaka 2 ya uzoefu wa kazi, bila kuipitia LLB kabisa. Australia inazo njia zote mbili, na anayetaka uwakili, awe na LLB au JD, hudaiwa maeneo yale yale 11 ya sheria. Ndiyo maana siafiki wanaosema kwamba JD humfanya mtu wakili wa daraja la juu: leseni ni ile ile.

Uhasibu ulinifaa, sikatai. Tulipojadili mgogoro wa wanahisa, wenzangu walikwama kwenye mizania, nami nikaona upesi deni lilipofichwa. Lakini kazi yenyewe ya mwanasheria, yaani kuipekua hukumu ndefu, kutenga hoja iliyobeba uamuzi na maoni ambayo jaji ameyatoa kwa kupitia tu, kisha kujiuliza kama uamuzi ungesimama iwapo ukweli mmoja wa kesi ungekuwa tofauti, uhasibu haukunifundisha hata chembe, na waliotoka kwenye historia na fasihi waliniacha mbali. Tena tuliyasoma hayo kwa haraka: mikataba, jinai, madhara (makosa ya kudaiana fidia) na katiba kwa pamoja, wakati wengi wetu tulikuwa na familia za kulisha na hatuna mshahara. Mikopo ya serikali nayo, katika nchi nyingi, humpendelea anayesoma shahada ya kwanza.

Kwa hiyo, kama umewahi kukaa mahakamani ukasikiliza shauri hadi mwisho, au ukasoma hukumu nzima na ukatamani kusoma nyingine, chukua LLB. Uchumi unaweza kuusoma baadaye, au sambamba pale chuo kinapotoa shahada pacha. Njia ndefu ningemshauri yule ambaye matokeo yake ya sekondari hayakumpa nafasi ya sheria, au anayelenga eneo linalodai ujuzi mwingine, mfano hataza, yaani haki ya mvumbuzi juu ya uvumbuzi wake, ambako Marekani anayeomba kusajiliwa kuwa wakili wa hataza hudaiwa msingi wa sayansi au ufundi.

Kabla ya kulipa ada, iandikie mamlaka inayosajili mawakili katika nchi uliyoichagua, uwatajie chuo, jina kamili la shahada na kama masomo ni ya ana kwa ana au ya masafa, na usubiri jibu la maandishi.