Chatu wa mwanangu hali, na panya wa binti yangu wako chumba hicho hicho

SWALI: Shikamoo mzee wetu. Mimi ni mama wa watoto wawili, kwetu Tanga, ila tunaishi Minneapolis. Mwanangu wa miaka 14 ameachiwa chatu mdogo na rafiki yake aliyehama, wale wanaojikunja wakawa kama mpira. Amempa jina Kamba. Dada yake wa miaka 9 anafuga panya weupe wawili, majike, Tui na Nazi. Tangi la nyoka liko juu ya kabati, kizimba cha panya kiko mezani kando yake. Sasa ni wiki ya saba Kamba hajala. Alikuwa gramu 655, leo ni 640. Kipimajoto kilichobandikwa kwenye kioo kinasoma 24. Kijana anasema nyoka amezoea panya hai na panya hai ni ghali, kwa hiyo tumpe hawa tunaowanasa chini ya nyumba, au tutafute dume tumzalishe Tui. Binti amelia siku mbili. Na mama yangu, mwenye miaka 71, anakuja mwezi ujao, naye habari ya nyoka hataki hata kuisikia. Nifanyeje?
Mama Wawili

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na binti, kwa sababu yeye ndiye anayelia. Leo kabla hajalala, mkalishe umwambie kwamba Tui na Nazi hawaliwi, na hakuna mtoto wao atakayezaliwa ili aliwe. Umwambie mbele ya kaka yake. Mnyama mliyempa jina na kumlisha kwa mkono hawezi kuwa kitoweo cha mwenzake ndani ya nyumba hiyo hiyo. Mtoto asiyejua kama panya wake watakuwepo asubuhi hatamsamehe kaka yake upesi.

Sasa Kamba. Hayuko hatarini bado. Gramu 15 katika 655 ni kidogo sana kwa wiki saba. Chatu wa aina yake, Python regius, kwao ni Ghana, Togo, Benin na nchi jirani. Huko hukaa kwenye vichuguu na mashimo ya panya, na anaweza kukaa miezi bila kula, hasa madume msimu wa kupandana. Nitaanza kuogopa akipungua sehemu moja ya kumi ya uzito, yaani akishuka chini ya gramu 590 hivi, au mkiona ute mdomoni, au mkisikia anapumua kwa mluzi. Hapo mpelekeni kwa daktari wa mifugo anayejua reptilia. Kwa sasa mpimeni mara moja kwa wiki kwenye mzani, muandike.

Kilichonishtua kwenye barua yako ni ile 24. Nyoka hana joto lake mwenyewe, hulichukua mahali alipolala. Upande mmoja wa tangi lake unatakiwa uwe nyuzi 31 hadi 33, na upande wa pili 25 hadi 27, ili achague mwenyewe. Kwenye baridi tumbo lake halisagi. Akilazimika kula, windo huozea ndani kisha hulitapika, na hilo linamwumiza kuliko njaa. Kwa hiyo huenda Kamba anakataa kula kwa sababu mwili wake unamwambia asile. Tena kile kipimajoto cha kubandika kinapima kioo tu. Nunueni cha dijitali chenye waya, ncha yake ilale sakafuni pale anapolala yeye. Mkeka wa joto au taa lazima vipitie kwenye themostati, kile kifaa kinachozima joto likizidi, vinginevyo mtamchoma tumbo naye asijue kuondoka. Wekeni na maficho mawili, moja upande wa joto na moja upande wa baridi, madogo kiasi kwamba akijikunja mgongo unagusa kuta. Huyu ni mnyama wa shimo. Ukimweka kwenye kioo kitupu, kwake ni kama kulala barabarani.

Panya wahame chumba hicho leo. Nyoka hunusa kwa ulimi: anaokota harufu hewani na kuipeleka kwenye kiungo kilicho juu ya kinywa. Kamba anaishi ndani ya harufu ya windo usiku na mchana, na Tui na Nazi wanaishi ndani ya harufu ya mwindaji. Angalieni panya wanavyolala. Wakilala wamebanana pembeni na kushtuka kila mara, hawajapumzika. Wapelekeni chumba kingine kinachofungwa mlango. Na kijana akitaka kucheza na panya wa dada yake, kabla hajamgusa nyoka anawe kwa sabuni hadi viwiko na kubadili shati. Kwenye midomo ya chatu kuna vishimo vidogo vinavyohisi joto. Mkono wenye joto na harufu ya panya, kwake huo ni panya. Akiuma hana sumu, ila meno yake yamepinda kwa ndani, kwa hiyo msivute. Mmwagieni maji baridi kichwani na msubiri aachie.

Kuhusu panya hai nitakusimulia jambo moja. Kabla ya kuhamia Birmingham nilifanya kazi miaka 11 katika bustani ya nyoka pwani ya Kenya. Mwaka wa pili, jioni moja, niliweka panya hai kwenye sanduku la chatu jike nikaenda kuswali Magharibi. Niliporudi nikapata mgeni, nikasahau. Asubuhi nilimkuta chatu amejikunja pembeni, kichwa kakificha katikati, na mgongoni ana shimo la ukubwa wa sarafu. Magamba yalikuwa yameliwa, nyama imeliwa, na chini nikaona weupe wa uti wa mgongo. Panya alikuwa amekaa juu yake anajisafisha masharubu. Nyoka asiye na hamu ya kula hajitetei, na panya aliyefungiwa na njaa hula kilicho mbele yake. Nilimwosha yule chatu kila siku kwa miezi miwili. Alipona, lakini kila akijivua gamba linang'ang'ania palepale penye kovu, ikawa lazima nimloweshe na kulitoa polepole kwa kidole gumba. Tangu siku hiyo sijamwekea nyoka yeyote windo lililo hai. Na panya naye anaogopa, mwanangu. Kumfungia pembe moja na anayemwinda hakuna haki ndani yake.

Kwa hiyo nunueni waliokwisha kufa na kugandishwa. Huuzwa kwa pakiti, na ukinunua nyingi kwa pamoja bei hushuka kuliko wa hai. Kwa uzito wa Kamba panya mmoja wa gramu 60 hivi anatosha, yaani unene wake usizidi pale chatu alipo mnene kabisa, kila baada ya wiki mbili. Usiku wa kuamkia siku ya kulisha mtoeni kwenye friza mumweke kwenye jokofu, ndani ya mfuko uliofungwa, mfuko ndani ya kopo lenye kifuniko. Kesho yake magharibi tumbukizeni mfuko kwenye maji ya moto ya bomba mpaka apate joto hadi ndani. Mbonyezeni tumbo, pasiwe na ubaridi katikati. Msitumie mikrowevu, huiva upande mmoja na kupasuka. Mkausheni, mshikeni kwa koleo refu, kichwa kimezidi joto kidogo, mumpitishe taratibu mbele ya maficho huku taa zimepunguzwa. Kuna wanaompaka panya huyo harufu kwa matandiko ya panya wa kufugwa, na mara nyingi hufaulu. Kwenu nisingefanya hivyo. Binti akimkuta kaka yake anachota matandiko ya Nazi, yale machozi yanarudi.

Akikataa, muacheni panya juu ya kibao tangini usiku kucha, kwa kuwa aliyekufa haumi. Asubuhi mtupeni, msimgandishe tena. Akila, asishikwe siku mbili. Lakini kwanza rekebisheni joto, kisha mpeni wiki nzima bila kuguswa na mtu, ndipo mjaribu. Macho yakiwa na ukungu wa buluu ujue anajiandaa kujivua, msubirini amalize.

Wale wa chini ya nyumba, hapana kabisa. Panya wa mitego ana minyoo na viroboto, na hamjui kama jana alikula sumu kwa jirani. Sumu nyingi za panya haziui siku hiyo hiyo. Anatembea nayo tumboni siku kadhaa, na anayemla anaimeza pamoja naye.

Tumfikie mama. Nyoka na panya hubeba salmonela, vijidudu vya kuharisha, na kuganda hakuviui. Mamlaka za afya za Marekani huonya hasa kwa watoto walio chini ya miaka 5 na wazee waliozidi 65, na mama yako yumo. Kamba asiingie jikoni. Tangi lake lisioshwe kwenye sinki mnaloshia mchele. Kopo, koleo na kitambaa cha kazi yake viwe vyake peke yake, vifungwe utepe mwekundu, na kwenye friza panya wakae kwenye sanduku lao lenye kifuniko. Mkifanya hivyo, hata kwa habari ya najisi hamtagombana na mama.

Wala usimfiche. Mpigie simu kabla hajapanda ndege, umwambie ni nyoka wa namna gani, anakaa chumba gani, kifuniko kina kufuli na ufunguo unao wewe. Tandikeni kitambaa juu ya tangi akiwepo. Kijana amenifurahisha kwa lile jina. Mama yako atalielewa kabla hajaambiwa, maana usiku kwetu nyoka hatajwi, huitwa kamba.

Niandikie baada ya mwezi unitajie uzito.

SWALI: Mzee, salaam kutoka Muheza. Stoo yangu ya mahindi ina panya wengi. Wiki iliyopita nimeona nyoka wa kahawia, urefu wa mkono, ana mistari myeupe kichwani kupitia jichoni. Jirani anasema nimwache, atawamaliza panya. Mke wangu anataka auawe. Mimi nimefikiria kumkamata nimfuge kwenye boksi. Nani yuko sawa?
Mkulima

JIBU: Bwana Mkulima, hiyo mistari inafanana na ya nyoka wa majumbani, mpole, asiye na sumu, anayeua panya kwa kuwabana. Hata hivyo siwezi kukuapia kwa maelezo ya barua, nawe usiape kwa kumwona mara moja gizani. Penye panya huja pia swila anayetema sumu, huja na kifutu. Yupo hata mmoja mdogo mweusi wa ardhini ambaye ukimshika nyuma ya kichwa hutoa jino pembeni ya mdomo uliofungwa na kukuchoma kidole. Usimshike. Kumfuga nyoka wa porini kunahitaji kibali cha mamlaka ya wanyamapori, nawe huna pa kumweka.

Jirani ana nusu ya kweli. Nyoka huyo atakula panya mmoja, labda kwa wiki. Panya jike hubeba mimba wiki tatu na kuzaa wanane au zaidi kwa mkupuo. Piga hesabu mwenyewe, hawezi kuwamaliza. Mkeo naye namwelewa, na ana haki ya kulala bila hofu, ila ukimuua huyu na kuacha mahindi wazi, mwezi ujao atakuja mwingine.

Mahindi yatoe kwenye magunia uyaweke kwenye mapipa ya bati yenye vifuniko, yainuliwe juu ya matofali. Chini ya mlango pigilia bati mpaka kidole kisipite. Fyeka nyasi ukutani na uondoe lile rundo la mbao, najua lipo. Tumia mitego, na sumu usiweke maadamu huyo nyoka yupo, kwa sababu atakula panya mwenye sumu. Mizoga usiiokote kwa mkono mtupu. Wewe ni mtu wa mkoa wa Tanga, unajua tauni iliyoikalia Lushoto tangu 1980, zaidi ya miaka ishirini, ikitoka kwa viroboto vya panya.

Usiku ingia stoo na tochi na viatu vilivyofunika mguu, na chandarua mkichomeke chini ya godoro. Mate ya swila yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi bila kusugua, kisha hospitali. Akiuma mtu, hospitali moja kwa moja: msichanje, msifunge kamba ya kubana, msipoteze saa moja kwa jiwe la kunyonya sumu. Mkeo ajue namba ya mwenye pikipiki wa karibu, iandikwe ukutani kwa chaki, mahali inapoonekana hata kwa mwanga wa tochi.