Kuandaa kopa kabla haijafika kwenye mzani

Hapa Kigoma, iwe unauzia Mwanga, Gungu au Ujiji, mnunuzi wa vyuma chakavu ukimfungulia kiroba cha shaba nyekundu, ile tunayoiita kopa, anaangalia mambo mawili kabla ya kutaja bei: sumaku inanasa nini, na shaba imeshikamana na nini. Rangi haimsumbui sana. Ndiyo maana inauma kuona mtu ameshinda kutwa akisugua kwa mchanga na ndimu mpaka shaba inawaka, halafu analipwa bei ya chini kwa sababu vipande bado vina nati za chuma na matone ya lehemu. Shaba huyeyuka kwenye nyuzi 1,085 hivi, na ule ukijani wa juu ni kitu kidogo mbele ya moto huo. Risasi na alminiamu zikishachanganyika na shaba iliyoyeyuka, kuzitoa ni gharama, na gharama hiyo unakatwa wewe.

Anza na sumaku. Ya spika mbovu inatosha. Inanasa skrubu, misumari, na waya wa chuma uliopakwa shaba juu juu. Alminiamu hainaswi, na ndiyo inayowaponza wengi, hasa kwenye mota za feni na pampu za bei rahisi, ambazo waya wake wa alminiamu umepakwa vanishi yenye rangi ya shaba. Kwangua kwa kisu au kata ncha: ukiona weupe ndani, weka pembeni. Hata mkono utakuambia, maana kwa ukubwa uleule shaba ni nzito zaidi ya alminiamu mara 3. Kuna waya wa kinyume chake, mweupe nje na mwekundu ndani. Hiyo ni kopa iliyopakwa madini ya bati. Itenge, usiitupe.

Sasa waya wa nyumba. Usichome. Plastiki ya waya ina klorini, na moshi wake hutoa gesi ya asidi pamoja na sumu nyingine zinazokaa mwilini miaka mingi; upepo wa ziwa ukigeuka, wanaouvuta ni watoto wa jirani. Na hata kwa hesabu ya fedha tu, kuchoma ni hasara: waya unatoka mweusi, nyuzi nyembamba zinaliwa na moto, majivu yanang'ang'ania, na mnunuzi anaushusha daraja.

Chuna. Tafuta kipande cha mbao ngumu, utoboe tundu linalopitisha waya bila kubana, kisha fungia wembe wa kisu cha kukatia karatasi kwa skrubu mbili, ncha yake izame ndani ya tundu kwa unene wa plastiki tu. Chonga ncha ya waya, ipitishe, ikamate kwa plaizi upande wa pili, uvute kwa mkupuo mmoja ulionyooka. Wembe ukizama mno unachimba shaba na waya unakwama; ukizama kidogo plastiki haifunguki. Waya wa 1.5 (yaani milimita za mraba 1.5 za shaba) utengenezee tundu lake na wa 2.5 lake, ukilazimisha tundu moja utabadilisha wembe kila saa. Anika waya juani kuanzia saa tano, uchune saa nane plastiki ikiwa imelainika. Asubuhi ni ngumu na inakatika vipande vipande. Waya wa chaja na spika usijisumbue kuuchuna, uuze na plastiki yake.

Hesabu moja ya kukumbuka: mita moja ya waya wa 2.5 ina takriban gramu 22 za shaba, na ya 1.5 ina gramu 13. Mita 100 za waya mmoja wa 2.5 zikupe kilo 2.2 hivi. Ukipata pungufu sana, ama waya haukuwa wa kipimo kilichoandikwa, ama mzani una kasoro.

Mota iliyoungua usiivute waya mmoja mmoja. Kata vichwa vya koili upande mmoja kwa tindo kali, sawasawa na uso wa chuma, kisha chomoa upande wa pili kwa plaizi kubwa. Toa karatasi za kwenye mifereji, vijiti na uzi wa kufungia. Takataka hizo ni nyepesi, ila zikionekana mnunuzi anakata uzito kwa kukisia, na siku zote anakisia kwa faida yake.

Kompresa ya friji ni habari nyingine. Friji nyingi za sasa zinatumia gesi ya R600a, ambayo inalipuka. Grenda isiguse bomba kabla fundi friji hajaitoa gesi. Oili ya ndani imwage kwenye dumu, si kwenye mtaro unaoelekea ziwani.

Mabomba yakate kwa msumeno wa chuma, sentimita 2 au 3 kutoka kwenye kila kiungo chenye lehemu. Bomba tupu liende na kopa safi, vile vichwa viende fungu lake, nati za brasi, yaani shaba ya njano, fungu lake. Usiyeyushe lehemu kwenye jiko la mkaa nyumbani, kwa kuwa lehemu ya zamani ina risasi. Rejeta ya kizamani ya shaba na brasi iuze nzima, baada ya kutoa maji na vyuma vya pembeni.

Ukibahatika kupata bati la shaba kutoka jengo la zamani, ng'oa misumari yote, kata mishono yenye lehemu, na lami ikwangue alfajiri ikiwa ngumu, maana mchana inapakaa tu. Ukijani uache ulivyo. Ukiukwangua mkavu unavuta vumbi lake bure. Bati la milimita 0.6 lina kilo 5.4 kwa kila mita ya mraba, kwa hiyo lipime kwa futi kabla ya kulikunja.

Maji ya betri yasikaribie kabisa. Yanayeyusha ule ukijani wa shaba, na yale maji ya buluu unayomwaga baadaye yana shaba iliyoyeyuka, sumu kwa samaki. Mvua moja tu yanafika ziwani, kwenye migebuka na dagaa tunaowala.

Waya wa nguzo za umeme, wa simu au wa reli usiupokee, hata kwa bei ya kutupa. Kwa mzigo halali, chukua maandishi ya mwenye nyumba au karakana, yenye saini na tarehe, na ukiweza mhuri wa serikali ya mtaa.

Siku ya kuuza, uliza bei ya kila fungu kabla hujafungua viroba. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam kwa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na nauli hiyo imo ndani ya bei unayotajiwa, kwa hiyo kilo 3 zinazouzwa peke yake hazina sauti. Kusanya hata 30. Mzigo uwe mkavu. Hakikisha mzani unasoma sifuri, kiroba kitupu kipimwe mbele yako, na fungu la kopa safi lipande la kwanza, kabla halijachanganywa na jingine.