Mama asimeze melfalani kabla seli zake hazijavunwa

Mkuu, hivyo vidonge vya melfalani, dawa ya kemo ya kuua saratani, mama yako asivianze Jumatatu kabla hajaonwa na daktari bingwa wa damu. Umesema ana miaka 54, ana mayeloma, yaani saratani ya damu inayoanzia kwenye uloto (ute ulio ndani ya mifupa), na unauliza kipi bora kati ya kemo na kupandikiza uloto. Hilo la "kipi bora" ndilo lililotuponza sisi.

Baba alikuwa na miaka 57. Mgongo ulimsumbua karibu mwaka mzima, tukadhani ni jembe la Kongwa. Majibu yalipotoka, daktari wa kliniki moja akatuambia, "Upandikizaji achaneni nao. Anzeni na vidonge, vikishindwa ndipo mfikirie." Tukashukuru, tukaondoka. Vidonge anameza siku nne, anapumzika wiki kadhaa, anarudia. Mama yangu aliviweka kwenye friji ndani ya kopo la siagi, na kila akimpa dozi anachora alama kwenye kalenda ya ukutani. Mwaka ukaisha, akahamia kalenda nyingine. Baba akanenepa, akarudi shambani, tukaona tumeshinda.

Maumivu yaliporudi ndipo tukafika kwa wanaopandikiza. Walimchoma sindano za kuamsha seli shina, zile seli mama za uloto zinazozalisha damu, asubuhi tano mfululizo, kisha wakamkalisha kwenye mashine. Mrija mmoja unatoa damu, mwingine unairudisha, na juu kinaning'inia kifuko kinachokusanya seli. Masaa manne amenyoosha mkono, anaogopa hata kujikuna. Zinatakiwa angalau seli milioni 2 kwa kila kilo ya uzito wake. Siku ya kwanza hazikufika hata nusu milioni. Siku ya pili vilevile. Daktari akauliza, "Huyu alishatumia melfalani?" Mama akatoa zile kalenda kwenye mkoba. Daktari akazihesabu alama kwa kidole, akanyamaza.

Melfalani inaua saratani, lakini ikitumika muda mrefu inauchakaza uloto wenyewe unaotakiwa kutoa seli shina. Na kinachoniuma mpaka leo, upandikizaji unatumia dawa hiyohiyo! Seli zikishavunwa na kugandishwa, mgonjwa anapewa melfalani dozi kubwa mara moja, inausafisha uloto, halafu anarudishiwa seli zake kwa dripu kama anayeongezewa damu. Baada ya wiki mbili hivi chembe nyeupe za damu zinaanza kupanda. Asiye na akiba hawezi kupewa dozi hiyo. Kwa hiyo huchagui kemo au upandikizaji. Unavuna kwanza, melfalani inafuata.

Yule daktari sijamsamehe. Kama hakujua, angesema hajui. Karatasi moja ya rufaa ingemgharimu nini?

Kemo ya kuanzia ipo isiyoharibu uvunaji: bortezomibu na deksamethasoni, pamoja na thalidomaidi au lenalidomaidi, ila lenalidomaidi nayo isipite miezi mingi kabla ya kuvuna. Wadogo zako wasihangaike kupimwa, kwa mayeloma kwa kawaida zinavunwa seli za mgonjwa mwenyewe. Ndugu wanahitajika kwa watoto wa selimundu, kama wanaopandikizwa hapa Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma. Wa mayeloma, Muhimbili walianza mwaka 2021. Na usidanganywe kuwa ni kupona kabisa, mara nyingi ugonjwa hurudi, lakini unatulia muda mrefu zaidi. Muda huo ndio baba yangu alioukosa.

Kesho asubuhi beba majibu yote, ya uloto na ya protini za damu, uliza: "Mama anafaa kupandikizwa? Kama anafaa, seli zitavunwa lini?" Wakikwambia aanze tu vidonge, omba rufaa hapohapo, panda treni ya Dar naye. Usimkalishe nyumbani bila tiba pia, mayeloma inakula figo. Na kopo la vidonge nenda nalo likiwa halijafunguliwa.