Nikisema "jengo" kwa Kijapani, mwalimu anasikia "bia"

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni kiongozi wa watalii, ofisi yetu iko Westlands. Nimejifunza Kijapani miezi 8. Hiragana na katakana, zile herufi za sauti, nazisoma, sarufi naifuata kwa kitabu cha Kiingereza. Shida ni kuzungumza: juzi nilitaka kusema jengo, biru, mwalimu akasikia biiru, yaani bia. Kusikiliza nako kunanilemea. Nataka kufanya mtihani wa Kijapani wa N5, ngazi ya chini kabisa, Desemba. Je, nikazane na kanji, zile alama zilizotoka Uchina, au nirudi nyuma?

JIBU: Marahaba. Rudi nyuma, ila si kwenye herufi. Rudi kwenye urefu wa sauti.

Kosa lako linatoka kwenye Kiswahili chenyewe. Sisi huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiitia mkazo tunaivuta irabu yake bila kujua. Kijapani hakina mkazo wa namna hiyo; kina urefu wa sauti, na kupanda na kushuka kwake. Biru ina silabi mbili, ukiivuta ile ya kwanza umeshasema bia. Vivyo hivyo yuki, theluji, inageuka yuuki, ujasiri; na obasan, shangazi, anazeeka ghafla kuwa obaasan, nyanya. Sikio lako lina kosa hilohilo: likisikia irabu ndefu linaidhania mkazo, kisha linaiacha ipite.

Kijapani kihesabu kwa mapigo. Kila kana, yaani herufi ya hiragana au katakana, ni pigo moja. Zile herufi ya, yu na yo zinazoandikwa ndogo hazihesabiwi peke yake, kwa hiyo kyo ni pigo moja na Tookyoo ni manne. Mstari wa kurefusha katika katakana una pigo lake. N inayojitegemea pia ina lake, kama n ya "nchi" au m ya "mtu", na hapa Kiswahili kinakubeba vizuri. Herufi tsu ikiandikwa ndogo ndiyo ngeni kwetu: ni pigo la kimya. Kite, njoo, ni mapigo mawili. Kitte, stempu, ni matatu, na lile la katikati unaziba pumzi na kusubiri.

Tenga dakika 15 kila siku. Chukua jozi 10 za maneno kama hayo, gonga meza kwa kidole pigo kwa pigo ukitamka, jirekodi kwa simu, halafu linganisha na sauti za kitabu chako. Usiongeze mwendo mpaka vidole na mdomo viende pamoja. Fanya hivyo hata na jina la mji wetu: na-i-ro-bi, mapigo manne yaliyo sawa, bila kuivuta ro.

Jambo la pili ni hicho kitabu cha Kiingereza. Kitumie, lakini maelezo kwenye daftari andika kwa Kiswahili. Kore, sore na are Kiingereza kinazibana katika maneno mawili, ilhali wewe tayari una hiki, hicho na kile. Sore shika hivi: kilicho karibu na unayezungumza naye. Imasu na arimasu, zote kwa maana ya "kuna", zinazowatesa wengi zinafanana na ngeli ya A-WA: mtu na mnyama huchukua imasu, jiwe na mti huchukua arimasu. Na mnyambuliko wa vitenzi uliokaririshwa shuleni unakulipa sasa: kula, kulisha, kuliwa ni taberu, tabesaseru, taberareru. Kitenzi kimoja, viambishi mwishoni.

Ila chunga vijineno vya mahali, "ni" na "de". Kwetu "niko maktabani" na "nasoma maktabani" zote huishia na -ni. Kijapani huzitenganisha: toshokan ni imasu, kwa kuwapo, toshokan de benkyoo shimasu, kwa kutenda. Ukiona kitendo kinafanyika mahali, weka de.

Kanji usiziache, ila usizikariri zikiwa uchi. Alama 日 hutamkwa nichi mwanzoni mwa nichiyoobi, Jumapili, na bi mwishoni mwa neno hilohilo. Jifunze neno zima. Kwa N5 zinatosha kama 100; ukichukua 3 kwa siku, siku 5 kwa wiki, utazimaliza kwa wiki 7.

Kwenye mtihani alama ni 180 na unahitaji 80. Lakini kuna kizingiti kingine: angalau 38 kati ya 120 za lugha na kusoma, na 19 kati ya 60 za kusikiliza. Ukipata 18 za kusikiliza umeanguka, hata kama kwingine umeng'ara. Ndiyo maana nakusukuma kwenye mapigo kabla ya kanji. Usajili hufungwa mapema, usingoje Novemba.

Mtihani huo hauna sehemu ya kuzungumza, na kazi yako ni kuzungumza. Kwa hiyo ongeza sentensi za porini. Wanyama wakubwa huhesabiwa kwa too, wadogo kwa hiki: ippiki, nihiki, sanbiki. Anza na hii: zoo ga santoo imasu, kuna tembo watatu. Ina irabu ndefu mbili, n yenye pigo lake, na imasu ya wenye uhai. Gonga mezani: zo-o-ga-sa-n-to-o-i-ma-su. Mapigo 10. U ya mwisho haisikiki sana, lakini pigo lake lipo.